Sanduku la Corsi-Rosenthal: feni, filta na tepu vinavyovipita visafisha hewa vingi vya dukani

Kwa sura, sanduku hili la kusafisha hewa halimvutii mtu. Filta nne za kiyoyozi zimesimamishwa zikafanya mraba, chini pana kipande cha boksi, juu imelala feni ya mraba ikipuliza kuelekea darini, na tepu imezungushwa kila kona. Lilibuniwa Marekani mwaka 2020 na mhandisi Richard Corsi pamoja na Jim Rosenthal, mtengenezaji wa filta, na majina yao ndiyo yaliyolibatiza. Kwa vumbi, chavua, moshi na manyoya ya paka tunalipatia alama za juu. Kwa gesi na harufu tunalipatia sifuri, na sifuri hiyo tutaieleza.

Tuanze na asilimia, maana ndizo zinazowachanganya wanunuzi. Maboksi ya visafisha hewa hutangaza HEPA, daraja la juu la filta, kwa herufi kubwa: hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Filta ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha Marekani cha uwezo wa filta) inayotumika kwenye sanduku hili hudai machache zaidi, yaani angalau asilimia 50 ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, na asilimia 85 za mikroni 1 hadi 3. Ukiishia hapo utaona HEPA imeshinda. Lakini hewa ya chumba haipiti kwenye filta mara moja ikaondoka, inazunguka na kurudi tena na tena. Cha kuuliza ni mita ngapi za ujazo za hewa safi zinatoka kwa saa. Vipimo vya Chuo Kikuu cha California, Davis, vilivyochapishwa 2022, vililipatia sanduku la filta tano (ya tano ikiwa chini badala ya boksi) kama mita za ujazo 1,019 kwa saa feni ikiwa kasi ya chini, na 1,444 kasi ya juu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.7 kina mita za ujazo 54. Gawanya: hewa yote husafishwa karibu mara 19 kwa saa kwa kasi ya chini. Mashine ya HEPA inayotoa mita za ujazo 200 kwa saa haifikishi hata mara nne.

Angalia pia kwamba kushuka hadi kasi ya chini kunapoteza chini ya theluthi moja ya kazi. Basi liendeshe polepole mchana kutwa. Kasi ya juu ina kelele, na hakuna anayevumilia kelele hiyo zaidi ya saa moja.

Kulitengeneza hakuhitaji fundi. Filta ziwe za inchi 20 kwa 20, unene wa inchi 2. Za inchi 1 zinafanya kazi, ila marinda yake (mikunjo ya karatasi ya filta) ni mafupi, eneo la kupitisha hewa linapungua na feni inakabwa. Kila filta ina mshale kwenye fremu: mshale uelekee ndani ya sanduku, na marinda yasimame wima. Ukigeuza mshale, wavu unaoshikilia karatasi unabaki upande usiofaa na filta huanza kubenuka. Ziba maungio yote kwa tepu pana, nje kuanzia juu hadi chini, kisha weka feni juu ikivuta hewa kutoka ndani.

Wengi huishia hapo, na wanakosa kitu muhimu kuliko vyote: kifuniko cha boksi juu ya feni, chenye tundu la duara la sentimeta 38 hivi kwa feni ya inchi 20. Pangaboi ni duara lakini fremu ni mraba. Kwenye zile pembe nne hewa iliyokwisha kutoka hunyonywa kurudi ndani. Kifuniko kinaziba pembe hizo na mkondo wa hewa unaongezeka waziwazi. Ukitaka kuona kwa macho, shika ukanda mwembamba wa tishu juu ya pembe isiyofunikwa: badala ya kupeperuka juu, unainamia feni. Pitisha tishu hiyohiyo kwenye maungio ya filta. Ikivutwa mahali penye tepu, hapo panavuja.

Filta usizioshe. Nyuzi zake zina chaji ya umeme tuli inayonasa chembe ndogo, na maji huiua. Zibadilishe kati ya miezi 6 na 12, au mapema zaidi palipo na moshi mwingi. Sanduku likae mbali na ukuta na mapazia, angalau sentimeta 20 kila upande. Nunua feni mpya yenye fyuzi kwenye plagi, si kuukuu la stoo, na umeme wake ulingane na wa nyumbani: feni nyingi za mraba za Marekani ni za volti 120, na kwenye volti 230 zitaungua.

Sasa ile sifuri. Kaboni monoksidi ya jiko, mvuke wa rangi na hewa ya ukaa ya watu waliojifungia chumbani hupita kwenye filta kama hazipo. Dawa yake ni dirisha, feni ya kutoa hewa nje, na kengele ya kaboni monoksidi palipo na moto. Unyevu na ukungu wa ukutani pia si kazi ya sanduku.

Mahali ambapo feni za mraba hazipatikani, tafuta filta zenye alama ya ePM1 50% au zaidi, ambayo iko karibu na MERV 13, na ufunge feni za kompyuta za milimita 120 au 140 kwenye ubao mmoja, zikitumia volti 12. Mkondo wa hewa ni mdogo kuliko wa feni kubwa, lakini kwa chumba cha kulala tungechagua hili: halisikiki, na umeme linaokula ni kidogo.