Mustang yangu ya 1966, na fundi aliyeniuliza kama kwetu kuna magari

Nilitaka kulisifu gari. Kweli kabisa. Nimekaa na Mustang hii ya Ford miaka kadhaa sasa hapa Houston, Texas, na mazuri yake ninayo mengi: zile geji tano za duara kwenye dashibodi (za 1965 nyingi zina ule mkanda mrefu wa spidi, wa Falcon, gari jingine la Ford, mimi sijawahi kuupenda), kifuniko cha tangi kilichokaa nyuma katikati ya taa, yule farasi wa nembo anayekimbilia kushoto. Habari za uzito na nguvu za injini katafuteni wenyewe, zimejaa tele. Ila kila nikianza kuandika, mkono unarudi kwa yule fundi.

Ilikuwa kiangazi, mwaka juzi au kabla yake kidogo. Gari lilikuwa zima. Hilo mlishike kwanza: gari lilikuwa ZIMA. Asubuhi linatetema kidogo kama mzee anayetafuta viatu vyake gizani, halafu linatulia. Nikasema nilipeleke sevisi, maana binti wa jirani yetu, watu wa Mombasa, alikuwa ameniomba nimpeleke nalo ukumbini siku ya harusi yake. Plagi mpya, waya mpya, pointi na kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Kazi ya nusu siku. Karakana yenyewe siitaji, nisije nikatafutana na mawakili.

Nikalichukua Ijumaa jioni. Kutoka getini tu, linamisi, injini inakosa mapigo. Nikajipa moyo, labda plagi mpya. Nikaingia barabara kuu ya I-45, malori mbele, malori nyuma, nikakanyaga mafuta: pah! Kabureta ikalipuka kama fataki ya Idd. Nikakanyaga tena: pah! pah! Nguvu hakuna, boneti inarukaruka, na nyuma yangu mtu na pikapu yake ananipigia honi kana kwamba nimeegesha kwa makusudi. Nikatoka barabara kuu kwa kudra ya Mungu, nikarudi kulekule nilikotoka.

Kijana wa kaunta hakuinua hata uso. "Mzee, gari lina karibu miaka sitini. Ndivyo yalivyo." Nikamwambia asubuhi halikuwa hivyo. Hapo akaja fundi mwenyewe, anafuta mikono, akasikiliza lafudhi yangu kuliko alivyosikiliza injini, akaniuliza: "Kwani wewe unatoka wapi? Huko kwenu magari kama haya yapo?" Wenzake wakacheka. Kisha akanipa hukumu yake: kabureta imekufa, na huenda vali zimeungua, niliache wiki mbili. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kununulia gari jingine.

Mimi huyu. Mimi niliyekulia Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, nikimshikia tochi mjomba wangu chini ya boneti za Peugeot 504. Mjomba alikuwa na sheria moja, na ukiivunja unapigwa spana ya vidole: waya za plagi huzing'oi zote kwa mpigo. Toa moja, rudisha moja. Utoto wangu wote nimeusikia huo wimbo.

Nikalipa ile sevisi, nikaondoka na gari likilipuka njia nzima hadi nyumbani. Saa nne usiku niko nje na tochi mdomoni. Sasa tazameni: kwenye manifoldi ya juu ya injini ile ya V8 (kile chuma kinachopitisha hewa na mafuta kwenda kwenye silinda), namba zimechongwa kwenye chuma chenyewe, 1-5-4-2-6-3-7-8. Ndiyo zamu ya silinda kuwaka. Moja hadi nne ziko upande wa abiria kutoka mbele, tano hadi nane upande wa dereva, na rota ya ndani ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa. Huhitaji kitabu. Huhitaji hata shule, unahitaji kitambaa cha kufutia grisi.

Nikafuata waya moja moja. Yule fundi alizipanga 1-3-7-2-6-5-4-8. Huo ni mpangilio wa zile Mustang za injini ya lita 5.0 za miaka ya themanini! Silinda nne zinapata cheche kwa zamu yake, nne nyingine zinapata za wenzao. Tatu na tano zimebadilishana, nne na saba vilevile. Dakika kumi, kazi imekwisha. Nikawasha. Mama watoto akatoa kichwa dirishani: "Limepona?" Limepona nini, mke wangu, halikuwahi kuugua.

Nataka kuwa wa haki. Pointi alizipima vizuri, plagi alizikaza sawasawa, na waya alizonifungia ni nzuri hadi leo. Kijana kazoea za themanini, mkono ukaenda kwa mazoea, yanatokea. Ningempa nyota tatu. Lakini nilirudi Jumatatu na picha ya zile namba, akasema: "Si linawaka? Sasa shida iko wapi?" Pesa hakurudisha, pole hakutoa. Na hili si gari la makumbusho ambalo mtu ataomba radhi kwa kutolijua: mwaka ule wa 1966 peke yake ziliuzwa zaidi ya laki sita. Texas nzima zimejaa! Nyota moja, na hiyo kwa ajili ya waya.

Gari je? Msinunue. Breki za kwangu zote nne ni za dramu, na masta silinda (pampu kuu ya breki) ya mwaka huo ina chumba kimoja, paipu moja ikipasuka umebaki na dua. Sakafu ya buti ndiyo tangi la mafuta lenyewe. Likinijia hilo usiku, usingizi unaruka. Msinunue, nasema. Ingawa Jumamosi ile bibi harusi alipokaa mbele, mtandio unapepea dirishani, injini inanguruma taratibu bila kukosa hata pigo moja, wazee wa Kimombasa wakasimama barazani kama wameona meli... Basi nunueni. Ila jifunzeni kwanza.

Sasa nimezungusha utepe mweupe kwenye kila waya na kuandika kwa kalamu nzito, kwa herufi: moja, tano, nne, mbili, sita, tatu, saba, nane. Kwa Kiswahili. Fundi atakayefuata itabidi aniulize.