Nimealikwa kama mwandishi, nikavishwa kitambulisho cha "Mwenyeji"

Niseme mapema kabisa: sambusa zilikuwa nzuri. Nalitanguliza hilo nisije nikaambiwa sina shukrani, maana mengine yote yananikera mpaka leo.

Ni tamasha la vitabu lililofanyika kwetu Pangani, kipindi kile cha mvua za vuli. Jina lake nalihifadhi. Walinipigia simu wao, mimi sikuomba. "Mwalimu, tutafanyaje tamasha la fasihi Pangani bila wewe?" akasema kijana wa watu, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga pasi kanzu. Saa mbili asubuhi niko pale, nimeshuka kwenye bodaboda na boksi la nakala arobaini, nimelipakata kama mtoto mwenye homa.

Mlangoni pana meza ya vitambulisho, vile vya kuning'iniza shingoni. Vya wageni wa kutoka Dar vimechapwa kwa rangi: jina, na chini yake MWANDISHI. Binti akapekua, akapekua, changu akakitoa kwenye bahasha nyingine. Jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi moja imeruka, na chini yake MWENYEJI.

"Binti, hapa hamjakosea?"

"Hapana baba. Wenyeji wote wanavaa hiki. Hata mama wa sambusa anacho."

Na kweli mama wa sambusa alikuwa nacho, kimeshaingia mafuta. Sina ugomvi naye, kazi yake siku ile ilipata watu kuliko yangu. Lakini kwani mwenyeji haandiki? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, mkoa huu huu wa Tanga, mwaka 1909. Picha yake walikuwa wameitundika nyuma ya jukwaa, kubwa kama mlango wa msikiti. Angetokea pale mwenyewe, wallahi angepewa cha MWENYEJI na kuombwa abebe viti.

Maana viti nilibeba. "Baba, tusaidie hivi vya mbele." Nilishafikisha sita ndipo akili ikanirudia.

Ukaja mjadala wa fasihi ya Pwani. Jukwaani watu wanne, na mmoja akatamka kwa furaha kwamba hajawahi kuuona mto Pangani kabla ya siku ile. Wakazungumza saa nzima na nusu. Mimi nilipangiwa kusoma dakika kumi, zikawa tano, na nilipokuwa napanda mshereheshaji akaninong'oneza: "Mbili tu mzee, mgeni rasmi amelala Ushongo, anawahi pantoni." Nikasoma aya moja. Katikati ya sentensi pantoni lenyewe likapiga honi, watu wakacheka. Nikashuka.

Hadi hapo nilishaamua: nyota moja, nayo ni ya sambusa.

Nafunga boksi langu, huko nyuma ya jenereta walikoniweka, akaja mzee mmoja mvuvi. Mkononi ana kitabu changu. Hakutoka nacho pale mezani, kilikuwa kimechakaa, jalada limelegea, ukurasa mmoja umekunjwa kona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika humu?"

"Ndiye mimi."

"Umesema Salehe katweka tanga Januari, kusi ikamsukuma mpaka Lamu. Kusi ya Januari umeiona wapi wewe?"

Nikakosa pa kuficha uso. Kusi ni upepo wa kutoka kusini, na Januari si wakati wake; Januari inavuma kaskazi, ule wa kutoka kaskazini. Kwa kaskazi unatoka Lamu kuja huku, huendi. Mhariri hakuona, na mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka mtoni sikuona. Mzee akakaa juu ya boksi, akanichorea pwani yote kwa kidole kwenye vumbi la meza, huku jenereta linatupigia kelele. Akanieleza wanavyotoka alfajiri na umande, ule upepo wa bara, na mimi miaka yote umande kwangu ni unyevu wa majani tu. Hakuna mtu aliyewahi kunisoma hivyo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka ardhi inimeze.

Sasa nitoe nyota ngapi? Mzee hakualikwa, alikuwa anapita zake kutoka pwani akasikia jina langu kwenye spika. Lakini bila spika ile tusingekutana. Haya, nne.

Halafu nikikumbuka nakala saba walizochukua "za mgeni rasmi na ujumbe wake", shilingi elfu kumi kila moja, na kila nikipiga simu naambiwa mhasibu yuko safarini, nazirudisha mbili.

Mzee naye hakununua. Kile alikiazima kwa mpwa wake. Amesema nikishaiondoa ile kusi nimpelekee kipya, atakisoma tena.

Mbili na nusu, basi.