Umebakiza Songea tu: steshenari yangu ya Mwanga, Kigoma

Naomba niseme kitu kuhusu steshenari moja hapa Mwanga (Mwanga yetu ya Kigoma, sio ile ya Kilimanjaro), maana wiki hii nimeingia pale mara tatu na mara zote nimetoka nacheka, na mwalimu kutoka steshenari anacheka sio kitu cha kawaida nyie, kawaida tunatoka tunahesabu chenji kama imetosha nauli.

Ukitokea sokoni shika barabara ya kwenda Ujiji, utaona mlango wa bluu. Ni chumba kimoja tu. Ndani kuna mashine ya kopi, printa, kompyuta mbili ambazo moja ni pambo, haijawahi kuwaka toka nianze kwenda, mashine ya laminesheni, madaftari, rimu, na benchi la watu wawili wanaopendana. Anayehudumia ni kijana mmoja, mpole, anakuita madam hata kama umeenda na kanga na ndala.

Kilichonipeleka pale mwanzo ni maumivu. Kuna sehemu nyingine nilikuwa natolea mitihani, siitaji, jaribio la mwezi watoto wakaja na majibu yameandikwa viganjani, kumbe faili langu liliachwa kwenye kompyuta na mwenye mia tano anapigiwa kopi. Alafu flashi ikarudi na virusi, kila nikifungua nakuta shotikati tu, azimio la kazi la mwaka mzima limeenda, nikaliandika upya kwa mkono usiku na usiku. Huyu kijana yeye flashi anaiskani kwanza kabla ya chochote, anatoa kazi yako, akimaliza anafuta faili ukiwa unaona, anaingia mpaka kwenye kapu la taka anamwaga na huko, alafu anakugeuzia skrini: "Haya madam, hakikisha." Mimi kwa hilo tu nilishampenda.

Sasa wiki hii. Jumatatu nilipeleka kadi za silabi za darasa la pili, nilizikata mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni nikaandika kwa maka peni, ila darasa lenye vumbi kama letu kadi haimalizi wiki mbili, inapinda, inachakaa, nyingine inarudi na alama za meno. Nikamwambia nataka laminesheni lakini hela sina ya kila kadi. Karatasi moja ya A4 ni sh. 1,000. Akazipanga kadi nane nane kwenye plastiki moja, ameziachia nafasi katikati, akapitisha, alafu akakaa na mkasi anakata moja moja na kuzungushia kona ili zisichome watoto. Kadi 40 kwa sh. 5,000, hela ya mkasi hajanidai. Jumanne nikaingia nazo darasani. Kuna mtoto wangu mmoja anatokea Kibirizi, kule mwaloni kwa wavuvi, toka mwaka umeanza ukimpa kadi anaangalia dirishani, siku hiyo akaokota KA, akaokota SI, akazungukazunguka mezani akitafuta, akaweka A, akakaa kimya, alafu akapiga kelele "KASIA!" kama ameona nyoka. Darasa zima likapiga makofi. Mtoto wa mwaloni atasoma nini cha kwanza kama sio kasia? Nilitoka nje kidogo nikajifanya naangalia kengele.

Jumatano ilikuwa zamu yangu, sina cha kusema, nilichelewa kula na sauti ilikauka. Ila kuna mama mzazi alipita akaniachia dagaa wa kukaanga, nafungua kifurushi, karatasi waliyofungiwa ni mtihani wangu wa Maarifa ya Jamii wa muhula uliopita, niliotolea pale pale kwa kijana! Mafuta yamelowanisha mpaka upande wa pili na maandishi yanasomeka yote, hayajachuja. Kama mtu anauliza ubora wa wino wa pale basi jibu ndo hilo, nililila na dagaa.

Alhamisi ndo penyewe. Nina mtihani wa majaribio wa darasa la saba, watoto 84, kurasa nne nne. Nikafika jioni, foleni ya wanachuo wenye ripoti zao, redio inaongelea Simba na Yanga kwa sauti ya juu (hili nalalamika, kijana punguza redio, mtu akikutajia idadi ya kopi unasikia matokeo ya mechi). Zamu yangu ikafika akafungua faili, badala ya kubonyeza tu akawa anasoma. Nikaona ananichelewesha. Kumbe anaangalia swali la 17. Nilikuwa nimeuliza: Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam inaishia mji gani? A. Mwanza, B. Kigoma, C. Mpanda, D. Songea. Akaniangalia kwa adabu zote, akasema, "Samahani madam, hapa umebakiza Songea tu."

Jamani nilicheka mpaka nikashika meza. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo akanieleza polepole kama vile mimi ndo mwanafunzi: treni ya Mwanza inaachana na yetu pale Tabora, ya Mpanda inachepukia Kaliua, na zote watu wanaziita reli ya kati, sasa mtoto mwenye shangazi Mwanza akichagua A utamkosesha kwa lipi? Mimi mzaliwa wa hapa, nimeiona stesheni yetu toka nikiwa mdogo, kichwani kwangu reli inaishia Kigoma basi. Tukarekebisha pale pale: Njia kuu ya Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika mwisho wake mji gani mwaka 1914? Hiyo ya Mwanza ilikuja baadaye, 1928, kwa hiyo hakuna wa kubishana.

Tunataka kutoa kopi, umeme pwaa. Enzi mji unategemea majenereta ya dizeli kukatika tulishazoea, sasa hivi ukikatika unauma zaidi. Akaniambia nenda nyumbani madam, niachie. Kwa historia yangu kumwachia mtu mtihani usiku kucha ni sawa na kumwachia paka dagaa, lakini nikaondoka. Saa nne usiku meseji: umerudi, naanza. Asubuhi saa moja kasoro bodaboda yupo getini na bahasha imebanwa pini na gundi juu, ameandika idadi kwa mkono, 84 na mbili za akiba. Kurasa 336 kwa sh. 50 ni 16,800, akanikata mia nane nikatuma elfu kumi na sita kwa simu, boda buku. Zile mbili za akiba hazimo kwenye hesabu.

Mabaya yapo. Risiti ni ya mkono na mhuri, mkuu wako akiwa mkali utapata tabu. Kuchapa Kiingereza msimpe, mpelekee kikiwa tayari, mimi aliwahi kunigeuzia "pupils" kuwa "pulpits". Na akiwa msibani duka limefungwa, hana msaidizi. Ila nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu iko kwenye redio.

Mtihani umefanyika Ijumaa, swali la 17 wamepata 71. Mmoja amechagua Songea, nimemwita nikamuuliza kwa nini, kasema, "Madam, sijawahi kufika."

Anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili baada ya ibada. Mkienda mwambieni madam wa flashi nyekundu anapita Jumatatu kuchukua rimu yake, asije akaiuza.