Utalii wa kosta na boti hapa hapa Mwanza: hela yako iende kwenye boti

Kwa wanaouliza, hapana, Mwanza hatuna lile gari linaloingia majini kama kule Boston, mtindo wa yale ya jeshi la Marekani ya Vita Kuu ya Pili yanayoitwa DUKW, matairi sita, linatoka lami linaingia majini abiria wakiwa humo humo ndani. Hapa unapanda kosta mjini, unazungushwa, unashuka unapanda boti, basi. Na sioni kama tumepungukiwa, maana 2018 gari la aina hiyo lilizama Missouri kwenye dhoruba wakafa watu 17, na sisi wa Ziwa Victoria tangu meli ya MV Bukoba izame 1996 hakuna wa kutufundisha habari za vyombo kuzama.

Ndo maana kitu cha kwanza nilichokagua ni laifu jaketi. Zipo, mpaka za watoto zipo, na nahodha aligoma kabisa kuwasha injini mpaka jamaa mmoja anayejifanya kazaliwa majini afunge ya kwake. Hapo nawapa maksi zote.

Sasa kosta aisee. Gari zima halina shida, shida mzunguko wenyewe. Mnapita Makoroboi dirishani, muongozaji anasema "hapa Makoroboi", ahsante, mtu wa Mwanza ananyoa pale. Halafu Mwaloni Kirumba hawafiki kabisa! Soko la dagaa ambalo wanunuzi wanatoka mpaka Kongo, wao wanaona bora watupeleke kuangalia kipilefti ya samaki. Mtalii gani anataka kuona samaki wa sanamu na wa kweli wapo hapo pembeni?

Boti ndo yenyewe. Jiwe la Bismarck tumeshalizoea kwa upande wa kivuko cha Kamanga, kila mtu ana picha yake pale, lakini boti inalizunguka kwa nyuma unakuta mnandi wamejipanga juu na jiwe limepakwa kinyesi cheupe kama chokaa, na muongozaji (majini alichangamka, sijui kwenye kosta alikuwa na njaa) akaanza kueleza ya Wajerumani na kansela wao Bismarck, mwenye jina la jiwe. Kisha ukigeuka unaona nyumba zimepandana mawe mpaka juu mlimani, hospitali ya Bugando imekaa kule kileleni, yaani unajiuliza hao watu wanapandishaje maji na saruji na mimi nina ndugu anakaa huko huko.

Safari ya kisiwa cha Saanane ni fupi kutoka Capripoint, hata hujamaliza selfi mmefika. Ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa 2013, kilomita za mraba 2.18 tu ukihesabu na maji yake, jina la mzee mvuvi aliyekuwa anakaa kisiwani. Msitegemee Serengeti. Kuna swala, tumbili, kenge wa kutosha, pimbi wanaota jua hawana habari na wewe, na ile mijusi ya mawe, dume mbele wa waridi nyuma wa bluu, wanangu waliganda hapo wakasahau simu kabisa. Panda mpaka kwenye mawe ya juu, upepo wake wa bure.

Lawama mbili. Tangazo lao halisemi kama kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei, tukaja kuambiwa gatini kila mtu atoe, watu wakaanza kununa. Ya raia si kubwa, ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni, bebeni vitambulisho, ila semeni mapema jamani. Na chakula cha mchana walitupa chipsi kuku. Ziwa Victoria! Sato anaruka pale unapewa kuku wa kizungu kwenye foili.

Nendeni asubuhi, mchana upepo unaamka na boti ndogo inarushwa. Na kama kosta huna haja nayo chukua bajaji mwenyewe mpaka Capripoint, ofisi ya hifadhi iko pale pale na boti ya kwenda kisiwani inaondokea hapo.