Boksi la minyoo wa mboji: minyoo safi, boksi sasa...

Nina miezi nane nao kwahiyo sasa naweza kuongea. Nilichukua lile boksi la plastiki la ghorofa tatu lenye bomba kwa chini, pamoja na nusu kilo ya minyoo wekundu, muuzaji nilimpata mtandaoni, vikaja na basi kutoka Arusha mpaka Dar, jumla 85,000 na nauli humo humo.

Kwanza tuelewane, hawa sio nyungunyungu wale wa kwenye matope mvua ikinyesha. Wale wanataka udongo wachimbe, niliwahi kujifanya mjanja nikachimba wa bure nyuma ya choo nikawatia kwenye ndoo ya maganda ya viazi, wiki mbili kwisha habari yao. Hawa wa kununua, Eisenia fetida kwa jina la kitaalamu, maisha yao ni juu juu huko kwenye vitu vinavyooza na samadi. Mama mkwe aliposikia nimelipia minyoo alicheka mpaka akakaa chini, watoto mnawapa dawa waitoe halafu wewe unaenda kuinunua?

Usiku wa kwanza naamka kunywa maji nakuta wanapanda ukuta wa jikoni, zaidi ya thelathini, mke wangu mpaka kesho hajanisamehe. Kumbe wakiwa wageni unawawashia taa kwa juu siku mbili tatu, mwanga hawaupendi, wanajichimbia wanatulia. Kwenye karatasi ya maelekezo hakuna hiyo.

Halafu ikaja Februari, na Februari ya Dar mnaijua. Hawa wadudu raha yao ni nyuzi 15 mpaka 25, ikipita 30 wanahangaika, ikifika 35 andaa msiba, sasa sijui ni nani alikaa akafikiria boksi JEUSI la plastiki liwe nyumba yao. Nililiweka kibarazani kwenye kivuli kabisa lakini saa nane mchana ukiligusa ni kama sufuria. Siku moja natoka kazini nasikia harufu toka getini, nafungua, zaidi ya nusu wamekufa wamekuwa kama uji. Niliumia jamani.

Waliobaki niliwahamishia kwenye ndoo mbili za rangi za lita 20, moja ndani ya nyingine, ya juu nimeitoboa chini na pembeni, nikaziweka chini ya ngazi na gunia lililoloweshwa juu yake. Ndoo nilipewa bure na fundi. Ndani nimeweka maboksi yaliyochanwachanwa na makumbi ya nazi, ila makumbi niliyaloweka usiku kucha nikamwaga yale maji maana yana chumvi. Ukikamua ngumi moja yakatoka matone mawili matatu unyevu uko sawa, yakichuruzika umezidisha. Sisimizi nao walinisumbua mpaka nilipoinua ndoo juu ya tofali ndani ya beseni la maji. Baada ya miezi miwili minyoo wamejaa tena, na wadogo kama nyuzi kibao.

Tangazo lilisema kilo ya minyoo inamaliza kilo ya taka kwa siku. Wapi! Kwangu wakiwa na afya nzuri ni kama nusu ya uzito wao, na mwanzoni hata hiyo hawafiki, ukiwajazia chakula kinachacha na vinzi vinakuja. Maganda ya ndizi, tikiti, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa, hapo ni sherehe. Limao, vitunguu, pilipili, samaki, kitu chenye mafuta au chumvi usiwape, kwahiyo wali wa jana tafuta kuku.

Mboji ya kwanza nilitoa mwezi wa nne. Nilimwaga kwenye turubai nikagawa vichuguu, minyoo wakakimbia mwanga wakashuka chini, nikawa nakwangua juu taratibu, nikapata nusu ndoo, nyeusi kama kahawa iliyotumika na hainuki chochote. Nachanganya kopo moja kwa manne ya udongo kwenye viroba. Mchicha umenyooka kwelikweli, pilipili mbuzi nayo inabeba, ila mpapai sijaona tofauti. Halafu mbegu haziungui humo kwasababu hakuna joto, kwahiyo nyanya na tikiti zinaniotea kila kiroba bila kupandwa. Mama mkwe mchicha anachukua, ila anauosha mara tatu.

Kwahiyo ukitaka kuanza nunua minyoo tu, ndoo tengeneza mwenyewe. Boksi lenyewe siku hizi linahifadhi viatu. Minyoo nyota 5, boksi 2 (bomba nalo liliziba wiki ya tatu), muuzaji 3 kwasababu alituma haraka na alifunga vizuri, lakini nilipomwambia wamekufa akanijibu na kikatuni kinacholia, chini yake bei ya nusu kilo nyingine.