Gari la umeme la familia kwa Malindi: uliza kwanza betri inapozwa na nini

Anayetafuta gari la umeme hapa Malindi huuliza mambo matatu: linakwenda kilomita ngapi, ni la mwaka gani, na bei ya mwisho ngapi. La nne halimjii, na hilo ndilo litakaloamua kama miaka mitatu mbele atakuwa na gari au mzigo uani: betri yake inapozwa na nini? Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Gari liliponunuliwa lilikuwa likifika Mombasa kwa chaji moja, na sasa haliwezi kwenda Kilifi na kurudi. Chanzo ni joto.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa joto hata gari likiwa limesimama. Kadiri seli zinavyopata moto ndivyo kemikali za ndani zinavyolana zenyewe kwa kasi, na umeme unaoweza kuhifadhiwa unapungua. Kwingine usiku huleta nafuu. Hapa kwetu, kaskazi ikishika kuanzia Desemba hadi Machi, hata saa nane za usiku ni fukuto, na betri iliyopata moto barabarani mchana inaamka bado ina uvuguvugu.

Yako magari yanayozungusha kulanti (maji ya kupozea) au gesi ya AC kwenye betri, yako yanayoipulizia hewa baridi, na yako yasiyofanya lolote. Nissan Leaf, la kizazi cha kwanza na cha pili, limo katika kundi la mwisho. Betri imefungwa kwenye sanduku la chuma chini ya sakafu, haina feni wala maji. Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, mji wa jangwani Marekani, walilalamika kwamba betri zinashuka upesi mno, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri.

Mimi naweka MG ZS EV mbele ya yote, na sifichi upendeleo wangu. Linaagizwa kutoka Uingereza likiwa na usukani wa kulia kama tunavyotaka, lina viti vitano vya watu wazima kweli, buti linameza magunia, na betri yake inapozwa kwa kulanti. La kuanzia 2019 lina betri ya 44.5 kWh (kWh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Ukipata lile lililobadilishwa sura mwishoni mwa 2021 lenye 72 kWh, bora zaidi. Tundu la chaji liko puani, kwa hiyo unaingiza gari kibandani kichwa mbele na waya hautambai chini ya miguu ya watoto. Tundu lenyewe ni la aina ya CCS2, linalochaji kwa kasi pia, na huko ndiko dunia inakoelekea. CHAdeMO, tundu la kasi la Leaf, inaachwa hata na Nissan wenyewe: Ariya, gari lao jingine la umeme, ilikuja Ulaya na CCS.

Ila kupozwa kwa kulanti kuna masharti yake, na mafundi wetu wengi hawajayazoea. Mfumo wa betri unategemea gesi ile ile ya AC ya abiria. AC ikiwa dhaifu, betri nayo haipoi, kwa hiyo usimkubalie muuzaji anayesema "ni gesi tu, utajaza". Weka gari juani, washa AC dakika 15, kisha tia mkono kwenye tundu la hewa. Chungulia nyuma ya grili uone mapezi ya kondensa, ile rejeta ya AC. Chumvi ya bahari huyala yakawa unga wa kijivu, na gari lililokaa Watamu karibu na ufuo linaweza kuwa limeoza hapo huku bodi inang'aa. Akija fundi kujaza gesi, muulize atatia oili gani. Kompresa ya gari la umeme inaendeshwa kwa volti mamia na inataka oili ya POE. Oili ya PAG, ile ya magari ya kawaida, hupitisha umeme: ikiingia, kompyuta inaona umeme unavuja na inaweza kukataa gari lisiwake. Kulanti nayo iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Maji ya kisima cha Malindi yana chumvi, na chumvi hula alumini.

La pili ni BYD Atto 3, betri ya 60.48 kWh ya aina ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfati), ambayo huvumilia joto kuliko aina nyingine na haiumizwi sana na kujazwa hadi 100. Kwa uhandisi pekee lingekuwa la kwanza. Bei ndiyo inayolitoa kwenye orodha ya familia ya kawaida.

La tatu ni Nissan e-NV200, gari linalosahauliwa. Yako ya viti saba, na betri yake, tofauti na ya Leaf, hupulizwa hewa ya AC wakati wa kuchaji. Ila mengi yaliyouzwa Japani yana 24 kWh tu: ni ya shule, soko na Watamu. Kanuni za KEBS, shirika la viwango la Kenya, hazikubali gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo ya kuagiza yamebaki machache.

Leaf ya 40 kWh naiweka ya nne. Hesabu ni hii: betri ikiwa imebakiwa na asilimia 80 una kama 31 kWh, na kwa kilomita 6 kila kWh unapata 186. Mombasa ni kama kilomita 120. Unafika, lakini hurudi bila kuchaji huko. Wenye safari za Mokowe, kiasi cha kilomita 220, wasilifikirie. Leaf ya 24 kWh iliyobakiwa na asilimia 70 inakupa karibu kilomita 90. Ni gari la mjini, sina zaidi la kusema.

Ukiamua Leaf hata hivyo, usiamini vistari 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Cha kwanza hakiondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, na wako wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vistari virudi vyote kwa wiki chache. Huu ni wizi, na wanaoufanya wanajua wanachofanya. Nenda na kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye tundu la kompyuta ya gari, na programu ya simu ya LeafSpy. Soma SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia: gari la miaka saba linaloonyesha 100 limechezewa. Kisha liendeshe mpaka chaji ishuke chini ya asilimia 20, utazame tofauti ya volti kati ya seli. Milivolti 20 au 30 hazina neno. Ikikaribia 100, iko seli inayokufa. Muuzaji akikunyima safari hiyo, ondoka. Leaf ya 30 kWh ina kisa tofauti: New Zealand waligundua mwaka 2018 kwamba kompyuta yake ilikuwa ikionyesha uchakavu mkubwa kuliko ulivyo, na Nissan ikatoa programu ya kurekebisha.

Na hizi bei jamani! Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme pekee ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Yadi nyingi zinauza kana kwamba halikutokea jambo. Juu yake gari la Japani mara nyingi linakuja bila waya wa kuchajia, nao wanakuuzia pembeni waya wa volti 200, wakati stima yetu ni 240. Dai waya wa volti 240 uandikwe kwenye risiti.

Nyumbani usichaji kila usiku kwa soketi ya kawaida ya 13A, maana saa kumi mfululizo huiyeyusha. Ukilazimika, shusha chaja iwe 10A. La sawa ni laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba: waya wa milimita za mraba 6, breka ya 32A, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, hivyo nondo moja ya athi mara nyingi haitoshi. Fundi aipime kwa mita, akiona haifai aongeze ya pili. Kivuli cha makuti kinafaa sana kwa betri, lakini chaja ifungwe ukutani kwenye mawe, mbali na makuti. Wenye Leaf, mkitoka safari liacheni lipumzike, mchaji baada ya saa sita za usiku.

Mengi ya magari haya hayana gurudumu la spea, yana chupa ya gundi na pampu. Gundi huziba tundu la msumari, haizibi ubavu wa tairi uliochanwa na jiwe kwenye njia ya Marafa. Nunua rimu, tairi na jeki siku ile ile unayolipia gari, na uhakikishe rimu ina matundu sawa na zilizomo.