Vipima ulevi vya mkononi: vinamfaa tajiri wa daladala, baa havitoshi

Vidude hivi vya kupulizia viko vya aina mbili, na muuzaji asipoulizwa hataji tofauti. Cha bei ya chini kina sensa ya semikondakta. Hudanganywa na moshi wa sigara na manukato, na namba zake huanza kuyumba baada ya miezi michache. Chenye sensa ya elektrokemia ni ghali zaidi, lakini usomaji wake unaaminika, ilimradi kirekebishwe usahihi wake (calibration) kila miezi 6 hadi 12. Muuzaji asiyejua kinarekebishwa wapi, mwache na mzigo wake.

Kabla ya kulipa, soma kioo kinaandika kwa kipimo gani. Kikomo cha kisheria Tanzania kwa dereva wa gari binafsi ni 0.08% ya pombe kwenye damu; kifaa cha mg/L (miligramu za pombe kwa lita ya pumzi) kitaonyesha kama 0.38 kwa ulevi uleule. Ukivichanganya, unamkabidhi mlevi ufunguo.

Dereva wa biashara kikomo chake ni sifuri, na hapo ndipo kifaa kinarudisha pesa yake. Chukua suka wa kilo 70 aliyekunywa bia 6 za mililita 500, zenye kilevi asilimia 5, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Mwili huondoa takribani 0.015% kwa saa. Saa kumi na moja alfajiri, anapokuja kuchukua gari, bado yuko juu ya 0.1%, japo kaoga na anaongea vizuri tu. Supu na kahawa haviharakishi kitu.

Asubiri dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta, maana pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba. Kisha apulize mfululizo mpaka mlio ukome. Wajanja hupuliza pembeni ya kimrija, kwa hiyo simama karibu. Rudia mara ya pili.

Wenye baa, msijidanganye. Mteja wa 0.05% anaweza kumpasua mwenzake kwa chupa wakati wa 0.15% kajilalia mezani. Kesi za ugomvi hupunguzwa na chupa tupu kuondolewa mapema, taa kwenye maegesho na kaunta inayokataa kumuuzia aliyekwisha kulewa. Mahakamani, kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu hakipokei ulevi kuwa utetezi, isipokuwa kwa hali chache, mfano aliyeleweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yake.

Elektrokemia: nyota nne. Semikondakta: moja.